Kabla Hujanunua Pampu Mpya, Fungua Chujio: Kutunza Haidroliki ya Trekta la Zamani



Msimu ukikaribia, simu ninazopigiwa kuhusu matrekta zinafanana sana. "Bwana shamba, injini iko poa, moshi hamna, ila plau hainyanyuki." Au: "Asubuhi inanyanyua vizuri, ikifika saa tano inagoma." Na karibu kila mara mwenye trekta ameshaambiwa dawa yake: pampu imekufa, tafuta hela ununue nyingine.

Leo nataka tuelewane jambo moja. Kwenye trekta la zamani, mara nyingi pampu haijafa, ila inakosa oili ya kunywa. Na hata pale ilipokufa kweli, kuna kitu kilichoiua, na kitu hicho bado kimo ndani ya oili kinasubiri pampu mpya. Ukibadilisha pampu ukaacha oili ileile na chujio lilelile, umenunua tatizo upya.

Nitatumia mfano wa Massey Ferguson 135, kwa sababu ndilo wengi wenu mnalo au mnalitamani. Lilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na mpaka leo yapo yanayolima na kuvuta tela. Mwenye MF 165 au MF 240 naye asome, maana mfumo ni wa ukoo mmoja.

Oili moja, kazi tatu

Matrekta mengi ya kisasa yana chujio la haidroliki linalofungwa nje, unalizungusha kwa mkono kama filta ya injini. Hili letu haliko hivyo. Ndani ya tumbo lake, oili ileile inayolainisha giaboksi na difu ndiyo inayonyanyua plau. Ni kama lita 30 hivi, zote ziko sehemu moja.

Pampu yenyewe imezama ndani ya oili hiyo. Ina pistoni nne, na inazungushwa na shafti inayotoka kwenye klachi kuelekea PTO. Ndiyo maana ukikanyaga klachi hadi mwisho, kunyanyua kunasimama. Pampu inanyonya oili kupitia chujio la wavu, inaisukuma kwenye silinda iliyo chini ya kiti, na pistoni ya silinda hiyo inazungusha shafti inayoinua mikono ya nyuma.

Aliyebuni mpango huu ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na trekta lake la TE20 lililoanza kutengenezwa mwaka 1946 ndilo lililousambaza duniani. Ujanja wake mkubwa ni kwamba trekta linahisi uzito wa udongo kupitia mkono wa juu wa plau. Udongo ukiwa mgumu, haidroliki inainua plau kidogo yenyewe, kisha inairudisha. Kazi hiyo inafanywa na valvu ndogo iliyoko upande wa kunyonyea wa pampu. Valvu hiyo inasogea kidogo sana, tena mfululizo, siku nzima. Punje ya mchanga ikinasa pale, plau inaanza kurukaruka au inabaki chini hata ukivuta wenzo mpaka mwisho.

Sasa fikiria presha. Gurudumu la gari dogo lina kama bar 2. Haidroliki ya MF 135 ikibeba mzigo mzito inaweza kupita bar 150. Kwa presha hiyo, oili yenye mchanga inafanya kazi ya msasa.

Chujio linaweza nini, na haliwezi nini

Hapa ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Wanasema, "Si kuna chujio, uchafu utanaswa."

Chujio la upande wa kunyonyea lazima liwe na matundu makubwa kiasi, vinginevyo pampu itashindwa kuvuta oili. Kwa kawaida wavu wa namna hii una matundu ya mikroni 100 hadi 150. Unywele wa kichwani kwako una unene wa kama mikroni 70. Yaani unywele unapita. Vumbi laini la barabarani nalo linapita, na ndilo linalokula pistoni na kingo za valvu, kwa sababu nafasi kati ya vyuma hivyo ni ndogo kuliko unywele.

Kwa hiyo chujio hili linazuia vipande: meno ya gia yaliyovunjika, mabaki ya gasketi, nyuzi za matambara, majani. Halisafishi oili. Ukitegemea lisafishe, kwanza litaziba, halafu pampu itaanza kunyonya hewa na povu, utasikia sauti ya kulia kama nyuki, na plau itapanda kwa kusuasua.

Na usikubali ushauri wa kutoa chujio "ili pampu ipumue". Kipande kimoja cha chuma kikipita, gharama yake utaijua.

Ulinzi wa kweli wa haidroliki hii, basi, ni kuzuia uchafu usiingie, na kuutoa kwa kumwaga oili kwa wakati. Chujio ni mlinzi wa mwisho tu.

Uchafu unaingia wapi

Kagua sehemu hizi, moja baada ya nyingine.

*Mpira wa gia.* Ule mpira mweusi uliofunika shina la wenzo wa gia hupasuka kwa jua. Trekta likilala nje, mvua inatiririka kwenye wenzo na kuingia moja kwa moja kwenye giaboksi. Kuna kikundi cha vijana nilikitembelea ambacho kilibadilisha pampu mara mbili ndani ya msimu mmoja. Oili yao ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Mpira wa gia ulikuwa umechanika nusu, na trekta lilikuwa linalala chini ya mwembe. Tuliweka mpira mpya, tukamwaga oili yote, tukaosha chujio. Hawakuhitaji pampu ya tatu.

*Sili ya shafti ya PTO.* Inapozeeka, oili inatoka ukiwa kazini, na maji na tope vinaingia ukiwa umekwama kwenye jaruba au unavuka korongo.

*Dipstiki na kifuniko cha kujazia.* Dereva anapima oili katikati ya vumbi la haro, dipstiki anaifuta kwa suruali. Futa eneo lote kwanza, ndipo ufungue.

*Tela la kumwaga.* Hili wengi hawalifikirii. Ukiunga bomba la tela kwenye trekta lako, oili ya tela inachanganyika na yako. Tela likiwa la jirani, na juzi lilivutwa na trekta lenye oili ya maziwa, maji hayo sasa ni yako. Futa vichwa vya mabomba kabla ya kuunga, vifunike kila unapotoa, na ikiwezekana tumia tela moja kwa trekta moja. Kumbuka pia kwamba silinda ya tela inakunywa lita kadhaa kutoka tumboni. Pima oili tela likiwa limeshaungwa na kujaribiwa.

*Oili mpya yenyewe.* Pipa likisimama wima nje, maji ya mvua yanatuama juu yake. Usiku pipa linapoa, linavuta hewa ndani, na maji yanafyonzwa kupitia nyuzi za kizibo. Weka pipa ndani. Kama huna nafasi ndani, lilaze ubavu, vizibo vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, vyote chini ya usawa wa oili.

Soma oili kabla ya kumwita fundi

Una vipimo vya bure. Vifanye kwanza.

Rangi: oili nzuri unaona ndani yake. Ikiwa nyeupe au ya kijivu kama maziwa, ina maji. Ikiwa na povu jingi, pampu inanyonya hewa, ama kwa sababu oili imepungua, ama chujio limeziba, ama kuna sili inayovuta hewa.

Maji ya chini: trekta likilala usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwasha, legeza kidogo boliti ya kumwagia. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini. Kama kinachotangulia kutoka ni maji, jibu umelipata.

Bati la moto: dondosha tone moja au mawili ya oili kwenye kipande cha bati kilichopashwa moto, ukiwa umesogeza uso mbali. Yakichachatika kama vitunguu kwenye kikaango, kuna maji hata kama macho hayajayaona.

Sumaku: funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe kwenye oili uliyoimwaga. Unga mweusi kiasi kidogo ni kawaida kwa mashine yenye umri huu. Vipande unavyovihisi kwa vidole si kawaida, hapo gia au beringi inaongea. Chembe za rangi ya dhahabu ambazo sumaku haizishiki ni shaba, na nyingi hutoka kwenye bushi.

Halafu angalia *wakati* tatizo linapotokea, maana hapo ndipo panapotofautisha chujio na pampu:

- Plau inasumbua asubuhi oili ikiwa baridi, inapata nafuu ikipata moto: shuku chujio lililoziba au oili nzito kupita kiasi. Oili baridi inapita kwa shida kwenye wavu mchafu.
- Asubuhi iko vizuri, saa tano inagoma: oili imepata moto, imekuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani. Shuku pampu iliyolika, sili ya pistoni ya silinda, au oili isiyo sahihi.
- Inanyanyua vizuri, ila ukizima injini plau inaanguka mara moja: huenda pampu haina kosa. Kuna mahali presha inavuja, kwenye silinda, oringi au valvu.
- Plau imesimama juu lakini inapigapiga kichwa, juu chini, juu chini: oili inavuja polepole na pampu inarudisha kila mara. Hapo pia anzia kwenye silinda na sili zake.

Ukimpa fundi maelezo haya, ataanza mahali sahihi. Ukimwambia "haidroliki mbovu" tu, ataanza na pampu.

Kumwaga oili na kuosha chujio

Kwanza usalama. Shusha plau chini kabisa, au itoe. Usiingie chini ya kitu kilichoshikiliwa na haidroliki, hata kwa dakika moja, hata kama fundi anakuambia "shika hapo tu". Zuia magurudumu kwa mawe au magogo, zima injini.

1. Endesha trekta mpaka oili ipate uvuguvugu. Oili ya uvuguvugu inatoka na uchafu wake, oili baridi inauacha chini.
2. Osha tumbo la trekta nje kabla ya kufungua boliti yoyote. Tope la nje ndilo la kwanza kudondokea ndani. Ukitumia maji ya presha, usielekeze kwenye mpira wa gia wala sili ya PTO.
3. Andaa vyombo vya lita 40. Fungua boliti *zote* za kumwagia. Ziko zaidi ya moja chini ya trekta, na ukifungua moja tu, oili chafu inabaki upande wa pili. Kama oili ilikuwa ya maziwa, iache ichuruzike usiku mzima.
4. Fungua kifuniko cha chujio. Kulingana na toleo, unalifikia kutoka chini ya tumbo au kupitia kifuniko cha ubavuni, kwa hiyo fuata kitabu cha modeli yako au fundi anayelijua. Angalia kilichonaswa kwenye wavu kabla ya kuosha, kinakueleza ndani kuna nini.
5. Osha wavu kwa dizeli safi au mafuta ya taa na brashi laini. Puliza hewa kutoka ndani kwenda nje, si kinyume chake. Uinue juani: ukiona tundu lililochanika au wavu ulioachia kwenye kingo, nunua chujio jipya. Kulizibia na gundi au kipande cha nailoni ni kujidanganya.
6. Futa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pamba na matambara ya sweta yanaacha nyuzi zitakazoishia kwenye wavu uleule uliotoka kuosha.
7. Weka gasketi na oringi mpya. Ni vitu vya bei ndogo, lakini oringi kuukuu upande wa kunyonyea inavuta hewa, na pampu inayovuta hewa inalia na kulika haraka.
8. Jaza oili mpya kupitia faneli yenye wavu. Washa injini kwa mwendo wa chini, bila mzigo, panda na kushuka mikono ya nyuma mara kumi hivi. Zima, shusha mikono, trekta likiwa pahala tambarare pima tena na uongeze. Oili itakuwa imepungua, kwa sababu silinda na njia zake zimejaa.

Kuna wanaojaza dizeli tumboni na kuendesha trekta ili "kuosha". Dizeli hailainishi gia wala beringi kama oili, usifanye hivyo. Kama ndani palikuwa na maji mengi, jaza oili mpya, fanya kazi saa 50 hivi, uangalie. Ikianza kuwa na ukungu tena, mwaga mara ya pili. Inauma mfukoni, lakini ni nafuu kuliko pampu.

Oili chafu usiimwage shambani wala mferejini. Ihifadhi kwenye dumu na umpe anayekusanya oili chakavu.

Oili gani niweke?

Tafuta oili ya trekta inayohudumia giaboksi na haidroliki pamoja, kwenye dumu utaona imeandikwa UTTO. Angalia unene unaotajwa kwenye kitabu cha trekta lako, na nunua dumu lenye lakiri isiyoguswa.

Oili ya difu ya SAE 90 watu wengi wanaiweka kwa sababu "ni nzito, inakaa". Kwa gia peke yake ingefaa, ila pampu yetu inanyonya, na kitu kizito kinanyonyeka kwa shida, hasa asubuhi. Baadhi ya oili hizo za difu pia zina kemikali zinazokula shaba. Oili ya injini iliyotumika, usiiguse kabisa. Imejaa masizi na vyuma, na wewe ndicho unachokimbia.

Tupige hesabu kidogo

Chukua mfano, uweke bei za kwenu. Unalimia watu kwa shilingi 60,000 kwa ekari, siku nzuri unalima ekari 6. Hiyo ni 360,000 kwa siku. Trekta likisimama siku 4 katikati ya msimu, umepoteza 1,440,000, kabla hujanunua spea. Na mvua haisubiri fundi: mteja wako akiona siku ya pili hujafika, anamwita mwenye trekta jingine, na mwakani ataanza na huyo. Lakini kazi hiyohiyo ya oili na chujio ukiifanya mwezi mmoja kabla ya mvua, inakuchukua siku moja na usiku mmoja, tena kwa nafasi yako.

Ratiba ya kubandika ukutani

Saa ya matrekta mengi ya zamani ilishakufa, kwa hiyo dereva awe na daftari: tarehe, saa za kazi, oili iliyoongezwa.

- Kila asubuhi: angalia chini ya trekta kama kuna matone, pima oili, angalia rangi yake.
- Kila wiki: kagua mpira wa gia, sili ya PTO, mabomba na vichwa vyake. Uvujaji mdogo kwenye bomba usiutafute kwa kiganja, tumia kipande cha boksi. Oili ya presha inaweza kupenya ngozi kama sindano. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba.
- Kila mwaka, au kila saa 1,000 kama zinatangulia: mwaga oili yote, osha chujio, badilisha gasketi na oringi.
- Ukiona oili ya maziwa: usisubiri ratiba. Tafuta maji yanaingilia wapi, ziba, ndipo umwage.
- Msimu ukiisha: plau chini, trekta ndani au chini ya turubai, wenzo wa gia umefunikwa vizuri.

Kwa leo, kabla hujafunga kazi, nenda kwenye trekta lako ufanye mambo mawili tu: bonyeza ule mpira wa gia uone kama umepasuka, na uchomoe dipstiki uangalie rangi. Ni dakika tano. Ukikuta kasoro, bado una muda wa kuitengeneza kabla ya mvua.

Kazi njema, na shamba lijibu.